Siku Niliyoaga Dunia kwa Kipaza Sauti

Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Michenga, kijijini kwetu, maana kule inasimuliwa ikiwa imetiwa chumvi, na aibu yangu haikuhitaji chumvi, ilikuwa imekolea yenyewe. Mimi, daktari bingwa, mwalimu wa madaktari, mtu ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo nilipandishwa cheo kuwa profesa mshiriki (nikaacha kuitikia nikiitwa "daktari" kwa karibu miezi mitatu, Mungu anisamehe), nililala chali juu ya meza ya mbele kwenye ukumbi wa hospitali pale Ifakara, saa tano asubuhi, nikawaaga watu, nikatubu dhambi zangu kwa sauti, halafu sikufa.

Kwanza mjue kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hamtaona uzito wa ujinga wenyewe. Mimi nashughulika na macho na ubongo kwa pamoja. Madaktari wa macho wananiona wa ubongo, wale wa ubongo wananiona wa macho, na mama yangu, Bi Filomena, ambaye nimemweleza kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini, huwaambia majirani kuwa Imakulata anatibu nyaya. Hakosei sana. Mtu anaweza kuwa na jicho zima kabisa halafu asione, kwa kuwa waya unaotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo umeminywa mahali. Ndivyo alivyopofuka baba yangu. Alianza na kuumwa kichwa, akapewa dawa za kichwa, akapewa miwani, akaambiwa ni uzee akiwa na miaka arobaini na sita, na tulipomfikisha Dar es Salaam daktari wa kwanza aliyemchungulia ndani ya jicho alituambia kwa upole kwamba tungekuja miezi sita nyuma. Nilikuwa kidato cha pili. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo akipalilia mpunga kwa kupapasa, hakunung'unika hata siku moja, nami nikanung'unika kwa niaba yake mpaka nikawa daktari.

Kwa hiyo nilikuwa na ndoto moja tu: kliniki ya macho na ubongo bondeni kwetu Kilombero, kila mwezi, pamoja na mafunzo kwa matabibu na wauguzi wa zahanati za Chita, Lupiro, Mlimba na kwingineko, ili mtu kama baba atambuliwe mapema, na muuguzi mwenye tochi tu. Chuo changu kilisita. Walikuwa wanasema (siyo mbele yangu, lakini kuta za chuo zina masikio) kwamba somo hili linawashinda hata madaktari wenye shahada, itakuwaje kwa muuguzi wa zahanati? Mwishowe wakakubali kutuma jopo la watu watatu waje Ifakara waone siku moja ya mafunzo ya majaribio, kisha waseme ndiyo au hapana. Na nilishaambiwa kwamba wakisema hapana, nisipeleke tena barua.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala kwa mama, Michenga. Asubuhi nimeshavaa gauni langu la heshima, nakunywa chai uani, nikaona nyuma ya jiko magugu yamefika kiunoni. Pale palikuwa na zizi la ng'ombe la majirani zetu Wasukuma kabla hawajahamia ng'ambo ya mto, na kwenye mbolea ya zizi mnanaha huwa haukosi, ule mmea wenye maua meupe marefu na matunda ya miiba, wenye harufu mbaya ukiuvunja. Nikamwuliza mama kwa nini ameuacha hivyo, akasema jirani atakuja na jembe, mimi ninywe chai niende kazini. Yangeishia hapo. Lakini mama akaongeza, taratibu, akiwa anapuliza kikombe chake, kwamba mikono yangu siku hizi ni ya kalamu.

Jamani, mimi ni mtoto wa Kipogoro, nimekua kwenye majaruba ya mpunga. Nikakunja gauni, nikaingia kwenye ile minanaha mikono mitupu, nikaing'oa yote, mstari kwa mstari, huku mama akiniambia niache na mimi nikijifanya sisikii. Jasho likaniingia jicho la kulia, nikalifikicha kwa vidole. Bodaboda ikawa inapiga honi barabarani, nikajifuta mikono kwenye khanga ya mama iliyokuwa kwenye kamba (sikunawa, mniandikie hilo), nikaondoka nikiwa mshindi. Hilo ndilo kosa lenyewe, dakika kumi na tano za kumkomoa mama.

Njiani jua likaanza kunichoma jicho la kulia peke yake. Nikasema ni vumbi. Nilipofika ukumbini nikafungua karatasi zangu, nikaona herufi zinaogelea, nikamlaumu fundi wa miwani, nikamsema moyoni tangu mwanzo wa hotuba ya mkuu wa wilaya mpaka mwisho. Mtu niliyesomea dalili za jicho nchi tatu, dalili zilikuwa zinanigongea mlango moja moja, nami nilikuwa namjibu kila mgongaji kwamba amekosea nyumba.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele walikaa wale watatu wa jopo, na mwenyekiti wao alikuwa profesa mzee wa upasuaji wa ubongo, mtu mpole mwenye kuandika kila kitu kwenye kijidaftari kidogo. Nyuma yao wanafunzi wangu wa zahanati, halafu wafanyakazi wa hospitali, na nje, chini ya turubai, wagonjwa na ndugu zao waliokuwa wanasubiri kliniki ya mchana. Nilitaka hata wao wasikie, nikabandikwa kipaza sauti kidogo kwenye kola, nikamwomba fundi mitambo aongeze sauti kwenye spika za nje. Akasema tayari ni kubwa. Nikamwambia aongeze.

Somo la siku hiyo lilikuwa mboni za macho, na nilikuwa motomoto. Nikafika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, nikashusha sauti, nikawaambia kwamba mboni moja ikitanuka ghafla na ikagoma kusinyaa kwenye mwanga, huenda kuna mshipa wa damu umevimba kichwani na unakandamiza waya wa jicho, na mshipa huo unaweza kupasuka wakati wowote, leo, sasa hivi, mgonjwa akiwa anakuangalia. Kwenye slaidi niliandika kwa herufi nyekundu: USISUBIRI. Mwenyekiti akaandika kitu, nami nikafurahi sana.

Hapo nikasema sasa tuone mboni za kawaida zikoje, na za karibu kabisa ni hizi hapa, zangu. Nikakaa kwenye kiti mbele ya watu, nikamwita Sista Kabula.

Huyu Kabula ni muuguzi wa zahanati moja upande wa Lupiro, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliokuja bondeni na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo. Anaongea polepole, na ukimwuliza swali anakaa nalo kwanza, kiasi kwamba mimi, ninayependa majibu ya haraka, nilishamweka kwenye kundi la wazito. Akawasha tochi, akamulika la kushoto, akamulika la kulia, akarudia, akarudia tena.

"Profesa, hili la kulia halisinyai."

Nikacheka. Nikawageukia watu nikawaeleza kwamba hilo ndilo kosa la kila anayeanza, tochi ameishika upande, mwanga hauingii. Nikamwambia arudie. Akarudia, akasema halisinyai. Nikamnyang'anya tochi (mbele ya jopo, mbele ya wafanyakazi wenzake, na spika za nje zikitangaza) nikamwambia akakae. Akaenda akakaa. Nikamwita tabibu mmoja kijana kutoka Chita, akamulika, nikaona jasho linamtoka kwenye paji la uso, akaniangalia usoni badala ya machoni, akasema, "Linasinyaa, Profesa." Nikampongeza, nikaomba apigiwe makofi, na akapigiwa.

Makofi yalipokuwa yanaisha mwenyekiti akainuka. Akatoa tochi yake mfukoni, akainama, akanimulika bila haraka. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Imakulata, kaa chini," na mimi nilikuwa nimeshakaa.

Wakanipa simu nijione. Mboni ya kushoto ilikuwa ndogo, ya kistaarabu. Ya kulia ilikuwa nyeusi tupu, imetanuka karibu kufika ukingoni, nikaimulika kwa tochi mwenyewe na haikutikisika. Nitawaambia ukweli, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kichwa, ambacho hakikuwa kinauma, kikaanza kuuma palepale. Nilikuwa naijua orodha yote, nilijua kinachofuata, na nyuma yangu ukutani maandishi mekundu yalikuwa bado yameandikwa USISUBIRI.

Nami sikusubiri. Nikapanda mezani, nikalala chali, nikaagiza ambulensi iwashwe inikimbize Dar es Salaam, nikaagiza mama apigiwe simu. Kisha, kwa kuwa nilijua mshipa ukipasuka sitapata nafasi nyingine, nikamwita mwenyekiti karibu, nikamshika mkono, nikaanza kutubu. Nikamwambia kwamba ile makala yake aliyoituma kwenye jarida miaka ile, ikapelekwa kwa mpitiaji asiyetajwa jina, ikakataliwa, akairekebisha mwaka mzima, ikakataliwa tena kwa maneno makali, mpitiaji yule alikuwa mimi. Nikamwambia na sababu: mara ya pili haikuwa mbaya kivile, ila nilikuwa sitaki ionekane kwamba nimebadilisha mawazo. Nikaomba msamaha. Nikaomba pia mama aambiwe kwamba ile picha ya baba aliyodhani imeliwa na mchwa niliichukua mimi, ipo ofisini kwangu, kwenye droo, kwa kuwa siwezi kufanya kazi bila hiyo. Nikawaaga wanafunzi. Nikasema bonde la Kilombero lizidi kupendwa (sijui nilimaanisha nini). Mpaka hapo nilikuwa nanong'ona, nikidhani ni siri ya watu wawili, lakini kipaza sauti kilikuwa kwenye kola na spika zilikuwa zimeongezwa kwa amri yangu mwenyewe, kwa hiyo nje chini ya turubai kina mama walikuwa wameshaanza kulia, na mwenye bodaboda mmoja alikuwa ameshaondoka mbio kupeleka habari Michenga.

Wakati wananiletea machela, Sista Kabula akainuka kutoka alikokaa. Akaja mpaka mezani, akamwomba mwenyekiti, siyo mimi, ruhusa ya kumalizia uchunguzi wake kwa kuwa alikatishwa katikati. Nikamwambia aniache nife. Mwenyekiti akampa tochi.

Akaangalia kope zangu zote mbili, akapima kwa macho. Akaniambia nifuate kidole chake, juu, chini, kulia, kushoto, nami nikakifuata huku nalia. Halafu akageukia watu akasema kwamba kope halijaanguka na jicho linazunguka pande zote, na jana Profesa alitufundisha kwamba waya ule ukikandamizwa, mara nyingi kope linaanguka na jicho linakwama. Nikakumbuka kwamba ni kweli, nilifundisha. Kabla sijajibu akanishika mkono wa kulia, akatazama kucha zangu, zilikuwa za kijani, akauinua mpaka puani mwake akaunusa.

"Profesa, leo asubuhi umeshika mnanaha?"

Mimi nilikuwa nimelala pale nikisubiri kifo cha kitaalamu, kifo cha kwenye vitabu, naulizwa habari za magugu. Lakini akaendelea taratibu vilevile, akasema nyumbani kwao walipokuwa wachungaji mama yake alikuwa anawachapa wakicheza na mmea ule zizini, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni, jicho linafunguka na kukaa hivyo siku mbili, tatu, kisha linarudi. Na hapo, ndugu zangu, ndipo aibu iliponikalia sawasawa, kwa kuwa hata hilo lipo kwenye vitabu vyangu, nimelifundisha darasani Dar es Salaam kila mwaka kama kitu cha ajabu kinachotokea kwa wakulima wa nchi za mbali, na sikuwahi kufikiri kwamba mmea wenyewe ni ule wa nyuma ya jiko la mama.

Hata hivyo sikukubali. Nikasema nipelekwe kwanza, tutajadiliana njiani. Kabula akasema kuna njia ya kujua bila kubahatisha, ile niliyowafundisha mwenyewe: dawa ya matone ya kusinyaza mboni, wanayopewa wenye presha ya macho, iwekwe macho yote mawili. Kama ni waya umekandamizwa, mboni kubwa itasinyaa. Kama ni sumu ya mmea, itagoma. Nikamwuliza itachukua muda gani, akasema dakika arobaini. Nikamwuliza nikifa ndani ya hizo arobaini.

"Kama zitakuua hizi arobaini, Profesa, basi hata gari lisingekufikisha Mikumi."

Mwenyekiti akasema dawa iletwe, na gari likae limewashwa mlangoni.

Mmewahi kusubiri dakika arobaini mkiwa mmelala juu ya meza, watu zaidi ya mia wanawaangalia macho? Hakuna aliyetoka. Kila dakika tano Kabula ananimulika na kutangaza matokeo, na fundi mitambo (sijui nani alimtuma) alikuwa amemsogezea kipaza sauti, kwa hiyo nje nako walikuwa wanafuatilia kama wanasikiliza mpira. Dakika ya kumi na tano la kushoto likaanza kusinyaa. Dakika ya thelathini likawa tundu la sindano. La kulia, kimya. Dakika ya arobaini, la kulia limekaa vilevile, limetoa jicho, na Kabula akasema mara moja tu, bila kupandisha sauti, kwamba Profesa hafi. Turubai lote likapiga vigelegele. Mimi nikakaa kitako nikiwa na jicho moja linaloona giza na jingine linaloumizwa na mwanga, na sikujua nicheke na lipi nilie na lipi.

Ndipo mama akafika. Alikuja kwa bodaboda, kajifunga khanga kichwani kimsiba, na nyuma yake pikipiki nyingine tano za majirani, mmoja amebeba sufuria kubwa, maana Michenga habari ilifika kwamba nimeshakata roho na mkeka ulishatandikwa. Akanikuta nimekaa. Akanitazama uso mzima, akanipapasa mashavu, akanikumbatia, na mimi nikalia kama mtoto. Alipohakikisha nipo hai kweli akaniachia, akasema, "Picha ya mume wangu iko wapi?" kwa kuwa hilo nalo aliambiwa na bodaboda.

Jopo likaenda chumba cha pembeni. Mimi nilishajua ni hapana, nani angesema ndiyo? Nimemdhalilisha mwanafunzi, nimemfanya mwingine adanganye kwa kuniogopa, nimekiri hadharani kwamba nilimwonea mwenyekiti mwenyewe. Nikawaza kwamba watu wa bonde hili wataendelea kuambiwa ni uzee, na safari hii kosa ni langu. Nikawaomba msamaha wanafunzi wote, nikaanza na Kabula, nikamfuata yule tabibu wa Chita aliyekuwa anataka ardhi immeze, nikamwambia lile alilolisema nililisema mimi kwa mdomo wake.

Mwenyekiti aliporudi hakukaa. Akasema walitumwa kuja kujibu swali moja, kwamba muuguzi wa zahanati anaweza kuifanya kazi hii au hawezi, na wamemwona mmoja akiifanya juu ya mwalimu wake aliyekuwa anakataa kutibiwa. Kliniki ianze mwezi unaofuata. Akasema pia kwamba Sista Kabula awe mwalimu msaidizi, na mimi ninawe mikono. Ukumbi ulivyolipuka hapo siwezi kuwaeleza, yule tabibu wa Chita alimbeba begani mtu asiyemjua kabisa. Na alipopita karibu yangu kutoka, mzee yule aliniinamia akasema makala alijua siku ileile ni mimi, kwa kuwa nchi nzima hakuna mwingine anayemwandikia mtu mzima kwamba arudi darasani.

Jioni ile tulikula Michenga ubwabwa wa msiba wangu. Ulikuwa mtamu, sitadanganya.

Miezi michache baadaye, nikiwa Dar es Salaam kwenye kikao, Kabula akanipigia. Mkulima mmoja, mama wa watoto wanne, mboni moja imetanuka, kope limeanguka, kichwa kinamuuma tangu alfajiri. Nilifungua mdomo. Maswali kumi yalikuwa yameshapanga foleni, amemulika vizuri, ameuliza mama huyo ameshika nini, ana hakika na kope. Nikayameza yote, na nawaapia kuyameza yaliniuma kooni.

"Naomba gari, Profesa," akasema.

Nikamwambia alichukue. Mama yule alifika Dar es Salaam kabla mshipa haujapasuka, akafanyiwa upasuaji na mwenyekiti kwa mikono yake mwenyewe, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Kwa hiyo nimeweka nadhiri, na nyie ndio mashahidi: mtu wa chini yangu akiniambia ameona kitu, nitanyamaza kwanza niangalie. Mpaka leo sijaivunja, ingawa wanafunzi wangu wanasema wakinitazama uso wanaona ninavyoteseka.